Upepo wa Kioo cha Nyuma

Gari la Faruku lilikuwa na vioo vinne vya milango na kishikio kimoja. Kishikio chenyewe, kile cha kuzungusha ili kioo kishuke au kipande, kilihama mlango hadi mlango kama kinu cha kuazimana. Ukitaka upepo unamwomba mwenzako, unakichomeka mlangoni kwako, unazungusha, kisha unampa anayefuata. Vingine vitatu vilikatika kimoja baada ya kingine, na Faruku, ambaye kwa kuahirisha mambo hana mpinzani huku kwetu juu Makonde, alisema atanunua vipya korosho zikishauzwa. Korosho ziliuzwa, vishikio vikabaki dukani.

Siku za kawaida hilo halikumsumbua. Kishikio kilikaa kwenye mlango wake, kioo chake kikashuka, gari likaenda vizuri tu. Ila gari lile lilikuwa na tabia moja mbaya. Ukifungua kioo cha nyuma peke yake, vingine vyote vikiwa vimefungwa, kisha ukakanyaga mafuta, upepo uliingia ukakosa pa kutokea, ukaanza kupiga humo ndani: vubu, vubu, vubu, kama mtu anayekung'uta gunia tupu kando ya sikio lako. Masikio yanaziba, kichwa kinauma, maneno hayasikiki hata ukipiga kelele. Dawa yake kila dereva anaijua, na Faruku aliijua kuliko wote. Unafungua kioo kingine japo vidole viwili, upepo unapata njia, kelele inakufa hapo hapo. Nawaambieni mapema msije mkasema hakujua.

Mwezi ninaousimulia, mke wake Rahima alikuwa Nachingwea kwa mdogo wake aliyejifungua. Nyumbani aliacha binti yao Stamili, mtoto wa miaka sita mwenye pumu, na ili asiachwe na baba peke yake, mama yake Rahima, Bi Pili, alitoka Lupaso akaja kumlea mjukuu. Hapo ndipo nyumba ilipopata mipaka. Mkwe ni mkwe. Faruku akitaka kupita uani alikohoa kwanza. Asubuhi alichuchumaa mbali, akaangalia chini, akatoa shikamoo yake, na marahaba ikamjia kutoka nyuma ya mlango. Hawakuangaliana usoni, hawakupeana kitu mkono kwa mkono. Kitu kiliwekwa chini, mwenyewe akakiokota. Na maneno yote yalipita kwa Stamili. Bibi akisema mwambie baba yako chai iko tayari, mtoto alikimbia na ujumbe, akarudi na majibu, akiruka kwa mguu mmoja. Kazi hiyo aliipenda sana.

Ilikuwa miezi ya salfa. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, na kila mwenye shamba aliamka alfajiri kupuliza unga huo wa dawa, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaamka. Faruku aliwaletea majirani mifuko ya salfa kutoka Newala mjini, na mfuko mmoja ulipasuka garini. Unga wa manjano uliingia kwenye viti, kwenye zulia, hadi kwenye matundu ya redio. Bi Pili aliuona, akamwita mjukuu.

"Mwambie baba yako aoshe gari. Salfa na kifua chako haviivi chungu kimoja."

Stamili alipeleka ujumbe huku akikohoa kidogo. Faruku alikuwa anakula. Alisema mwambie bibi kesho.

Kesho yake asubuhi mtoto alibanwa. Ndiyo, alikuwa amecheza humo garini jioni, akijifanya dereva. Alipoamka kifua kilikuwa kinapiga filimbi, mabega yanapanda, na shimo la chini ya koo linaingia ndani kila alipovuta hewa. Faruku alimbeba hadi zahanati ya kijiji, Bi Pili akifuata hatua kadhaa nyuma, kanga mbili kichwani. Chumba cha tiba kilikuwa kidogo mno, watu wazima watatu wasingeenea bila kugusana, basi Bi Pili alibaki nje ya mlango. Hilo nalo lilikuwa heshima. Mle ndani muuguzi, Sista Flora, alichukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akaitoboa kitako, akachomeka pampu ya dawa ya pumu, akamwekea mtoto mdomo wa chupa mdomoni. Alibonyeza, mtoto akavuta. Akabonyeza tena. Filimbi ilipungua, lakini haikuisha. Akasema hapa mimi nimefika mwisho, mpelekeni hospitali ya Mkomaindo, Masasi, sasa hivi, kule kuna hewa ya mtungi. Akampa Faruku chupa na pampu yake, akamweleza kwamba njiani midomo ikibadilika rangi ampe tena, asisubiri. Alipotoka akamwambia bibi neno moja tu: dawa anayo baba.

Basi angalieni jinsi watu wazuri wanavyoharibu. Faruku alikimbilia gari lililobaki nyumbani, mtoto mkononi. Alipofungua mlango tu, vumbi la manjano liliinuka, na Stamili akakohoa hadi macho yakamtoka. Akachomoa kishikio mlangoni kwake, akakichomeka mlango wa nyuma wa kushoto, akashusha kioo chote ili mtoto apate hewa. Kishikio akakiacha huko huko, kioo chake mwenyewe kikiwa kimefungwa tangu jana. Bi Pili akaingia nyuma, akampakata mjukuu. Faruku alikuwa na ile chupa mkononi. Kumpa mkwe mkono kwa mkono hakuweza, na wa kumtuma alikuwa hawezi kusema, hivyo akafanya alivyozoea: aliiweka kitini, kando ya mkwe, akageuka upesi. Bi Pili alikuwa anamfunika mtoto na kanga. Aliona chupa tupu ya maji kitini, kwenye gari lililojaa chupa tupu za maji. Haikumpita akilini kwamba ile ndiyo dawa. Dawa anayo baba, alikwisha kuambiwa.

Halafu Faruku akafanya jambo la mwisho la adabu. Aliinua mkono akakigeuza kile kioo cha ndani, cha kuangalia nyuma, kikaangalia paa, ili macho yake yasikutane na ya mkwe safari nzima.

Walipotoka kwenye vumbi la kijiji wakashika lami, alikanyaga mafuta, na ile ngoma ya upepo ikaanza. Vubu, vubu, vubu. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe mlangoni kutafuta kishikio, ukapapasa tundu. Akakumbuka kilipo. Siku nyingine angesema tu, Stamili, niletee kishikio, na kingekuja na kicheko juu yake. Alipunguza mwendo kidogo, akapeleka mkono wa kushoto nyuma, katikati ya viti, akijua kishikio hakiko mbali. Vidole viligusa kanga. Lilikuwa goti la mama yake Rahima. Aliurudisha mkono kama aliyeshika kaa la moto, na aibu ikampanda hadi masikioni. Akaona afadhali kelele.

Sasa njia zilikuwa mbili, na zote mbaya. Akienda taratibu, ngoma inakaa kimya lakini Masasi inabaki mbali. Akienda mbio, Masasi inakaribia lakini hasikii kinachotokea mgongoni mwake. Alichagua mbio. Baba yeyote angechagua mbio. Alishika usukani kwa mikono miwili, akategesha sikio katikati ya pigo na pigo, akitafuta ile filimbi ya kifua cha mwanawe. Mara aliipata, mara ilipotea. Kioo cha ndani kilimwonesha paa na doa la kutu. Aliogopa. Aliogopa kiasi kwamba alianza kusema na Mungu kwa sauti, na sauti yake mwenyewe hakuisikia.

Karibu na njia ya kwenda Chiwata palikuwa na mbuzi barabarani. Alishika breki, ngoma ikanyamaza. Na katika ukimya ule Bi Pili aliongea. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu na yeye alikuwa ameiona. Lakini aliongea vipi? Aliongea alivyoongea na mkwewe miaka yote. Aliinamisha kichwa, akasema kwenye nywele za mjukuu, kwa sauti ya chini, "Stamili, mwambie baba yako atoe dawa."

Faruku alisikia mnong'ono. Alidhani mkwe anaomba dua, au anambembeleza mtoto. Alichosikiliza yeye kilikuwa ile filimbi, na filimbi haikuwepo. Kifua kilikuwa kimya kabisa. Moyo wake ukatulia, akasema alhamdulillahi, dawa ya Sista Flora imefanya kazi. Hakujua, na nani angemfundisha, kwamba kifua kinachopiga filimbi bado kina pumzi ya kupigia, na kwamba kimya ndicho cha kuogopwa. Mbuzi walipita. Akakanyaga mafuta kwa furaha.

Upepo ukarudi na vubu yake. Njia ilianza kuteremka kutoka juu, gari likachukua kasi bila kuombwa. Nyuma, ile chupa iliteleza kutoka kitini, ikaanguka sakafuni, ikabingirika mbele hadi chini ya kiti cha dereva. Bi Pili aliiona ikipita miguuni mwake. Aliipiga teke kidogo isimsumbue.

Ngoma ilizidi. Faruku alihisi hata kiti kinapigwa, pigo linapita mgongoni hadi kifuani. Akalaani gari, akalaani uvivu wake, akaapa vishikio atavinunua leo hii hii akitoka hospitali. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma anakufa, na baba yake anafikiria vishikio.

Chini ya mteremko lami ilikatika kwa ujenzi, magari yakatupwa kwenye mchepuko wa udongo. Faruku alipunguza mwendo. Upepo ukafa. Lakini kupigwa kwa kiti hakukufa. Kiti kiliendelea kupigwa, kwa nguvu, bila mpango, na ndipo alipoelewa kwamba ule haukuwa upepo. Ulikuwa mkono wa mtu. Na sauti iliyokauka, sauti ambayo hajawahi kuisikia ikipanda, ilikuwa inamwita, na kwa namna ilivyokauka ilikuwa imeita kwa muda mrefu.

"Baba Stamili. Baba Stamili, simama."

Alisimamisha gari katikati ya njia. Akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe Rahima alimtazama mama mkwe wake usoni, akaona uso umelowa machozi, na chini ya uso huo uso mwingine mdogo, kichwa kimelegea, midomo rangi ya jivu la kuni, macho nusu. Mbavu za mtoto zilitikisika kidogo tu, kama kitambaa kwenye kamba pasipo na upepo.

"Dawa," alisema Bi Pili.

"Dawa unayo wewe, Mama."

"Niliambiwa unayo wewe."

Walitazamana. Nadhani hakuna kitu kibaya alichowahi kukielewa Faruku kwa haraka kama kile. Aliona zahanati, mlango, kiti, mkono wake ukiweka chupa na kugeuka. Alisema chupa, chupa ya maji, iko wapi ile chupa. Bi Pili alinyoosha kidole chini ya kiti cha dereva, maana na yeye alikuwa ameelewa. Faruku alitoka nje, akapiga magoti kwenye udongo, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa gunia, akatoa spana, akatoa chupa isiyo yenyewe. Akalala kifudifudi. Akaipata imejikunyata kwenye chuma, pampu yake bado imechomekwa, imepakaa unga wa manjano. Aliipangusa kwa shati, akalivua shati lenyewe, akapangusa tena kwa upande wa ndani.

Akaingia nyuma. Nafasi ilikuwa ndogo, ilibidi apige goti kwenye miguu ya mkwe na kuegemea bega lake, naye alisita. Ndiyo, hata wakati ule alisita. Bi Pili alimkamata mkono akamvuta.

"Leo hapa hakuna mkwe," alisema. "Mficha uchi hazai. Mpe mtoto dawa."

Bibi alimkalisha mtoto wima, akamshika kidevu. Baba aliweka mdomo wa chupa, akabonyeza. Mtoto hakuvuta. Dawa ilizunguka ndani ya chupa kama moshi. Faruku aliita jina la mwanawe. Akaliita tena. Bi Pili alimpiga mtoto mgongoni taratibu, akisema vuta mama yangu, vuta bibi yako nakuomba, na kifua kikainuka kidogo, moshi ukapungua chupani. Akabonyeza tena. Gari lililokuwa nyuma yao lilipiga honi kisha likaacha, dereva wake alishuka akaona, akarudi kimya. Akabonyeza tena. Na polepole, nyembamba kama uzi, filimbi ikarudi. Faruku alilia pale pale mbele ya mkwe wake, tumbo wazi, vumbi la salfa hadi kwenye nyusi.

Bi Pili hakumpa nafasi ya kulia sana. Alichomoa kishikio mlangoni, akakiweka kwenye kiganja chake, mkono kwa mkono.

"Fungua na cha mbele. Mimi nakaa mbele na mtoto. Huku nyuma hunisikii."

Mwanamke wa Lupaso, mtu wa umri wake, akaketi mbele na mume wa binti yake, bega kwa bega, mchana kweupe, na wa kwao wangeona wangeshika midomo. Faruku alishusha kioo cha mkwe vidole viwili, akashusha na chake, kishikio akakiweka mapajani. Lami iliporudi alikanyaga mafuta hadi mwisho. Upepo uliingia nyuma, ukatokea mbele, ukapita zake. Hapakuwa na ngoma. Palikuwa na filimbi ile nyembamba na sauti ya Bi Pili.

"Anapumua," alisema.

Faruku hakuondoa macho barabarani. Aliogopa kutazama. Kila baada ya muda sauti ile ilisema tena anapumua, bila haraka, kama mtu anayemwitikia mwimbishaji, naye aliendesha kwa neno hilo. Mahali fulani, milima ya mawe ya Masasi ikiwa imeshaonekana, neno lilichelewa. Alisubiri. Alitaka kuuliza na hakuthubutu, maana jibu la kimya alikuwa amekwisha kulijua leo. Alimsikia bibi akitikisa chupa, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Anapumua," alisema Bi Pili, na safari hii sauti yake ilikatika katikati.

Pale Mkomaindo walimpokea mlangoni, mtoto akatoka mikononi mwa bibi yake kwenda kwenye kitanda cha magurudumu, na milango ikafungwa. Kulikuwa na benchi moja refu. Bi Pili aliketi upande huu, Faruku upande ule, akiwa amejifunga kanga ya mkwe mabegani kwa kukosa shati. Kati yao walikaa watu wengine na shida zao. Daktari alipotoka alisema mmewahi, lakini chupuchupu, akauliza mlichelewa wapi. Faruku atamwambiaje daktari kwamba walichelewa kwenye heshima?

Alasiri waliruhusiwa kuingia. Stamili alikuwa ameegemea mito, bomba la hewa puani, macho mazito lakini ya kwake. Bi Pili alikwenda upande wa dirishani. Faruku alibaki upande wa mlangoni, akainamisha macho. Yale ya njiani yalikuwa yamebaki njiani, kila mmoja alilielewa hilo bila kuambiwa, na mtoto alikuwa katikati yao kama siku zote.

Bibi alimpapasa mjukuu nywele kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ya siku zote, akiangalia shuka.

"Mwambie baba yako aoshe gari."

Stamili alivuta pumzi. Ilimchukua nguvu kugeuza kichwa. Sauti ilitoka imekwaruza, ndogo, lakini ilitoka.

"Baba. Bibi anasema uoshe gari."

Faruku alishika ukingo wa kitanda. Bi Pili aliongeza neno, na mtoto akalisikiliza hadi mwisho, akalala kidogo, akafungua macho, akalipeleka.

"Na kile kioo cha ndani, usikigeuze tena. Hata akiwa yeye nyuma."

"Mwambie bibi," alisema Faruku, "mwambie bibi leo."

Stamili aligeuka upande wa pili akamwambia.